Darubini Iliyodhaniwa Mortier

Mgeni wetu wa heshima, Bwana Komanda, mwenzetu Manassé yumo cachot, chumba cha mahabusu, ya Beni tangu mwezi wa tatu, na darubini yetu imefungwa pamoja naye. Hiyo ndiyo shida. Sasa tunakukaribisha Musienene, wewe na askari wako. Mimi Josaphat, mlimaji wa viazi, wenzangu wamenituma nisome hotuba hii.

KAZI YETU
Darubini tuliachiwa na padri mmoja Mbelgiji, naye alitufundisha kuitumia. Kuna nyota zinazofifia, kisha zinawaka tena. Huko Amerika ya Kusini wako na darubini zenye kioo kipana kuliko nyumba yangu, lakini haziwezi kukaa na nyota moja kila siku. Sisi tunakaa nayo. Tunalinganisha mwanga wake na wa majirani zake, na mapadri wanawapelekea wataalamu wa Ulaya majibu.

KOSA LETU
Askari walipoweka kambi kwenye kilima chetu, tulihamisha darubini. Kioo hakitaki kutikiswa, kwa hiyo tuliibeba kwa tipoyi, tumeifunika blanketi, vile tunavyobeba mgonjwa. Watu wa njiani walivua kofia. Sisi tulinyamaza tu. Pale barrière, kizuizi cha barabarani, askari akafunua.

“Mugonjwa gani huyu ana miguu tatu?”

Mwenzetu Phinées akacheka. Akapigwa kitako cha bunduki kichwani.

“Ni ya kuangalia nyota, afande,” Manassé akasema. “Weka jicho, uone.”

“Inaangaliaka wapi?”

“Juu.”

“Hata mortier ya kurusha bomu inaangaliaka juu.”

Yule kijana tunamuelewa. Juma lile mabomu yaliua wenzake. Tungesema ukweli tangu njiani, habari ingemfikia kabla yetu.

MAOMBI
Mfungue Manassé. Hajabeba silaha maisha yake yote. Kama una mashaka, simamisha darubini mbele ya ofisi yako, umwambie akuonyeshe Jupita na miezi yake minne. Mortier haionyeshi mtu kitu. Na kama iko nje, ifunikwe isinyeshewe na mvua. Kioo kisipanguswe kwa kitambaa.

Mungu akurudishe Beni salama, awape askari wako usingizi na wazazi wao subira.

Ni sisi, Waangalizi wa Nyota wa Musienene. Tulikuwa sita. Phinées alikufa siku ya tatu, kwa lile pigo la kichwa. Manassé yumo ndani. Mke wake Berthe alizaa mtoto wa kike, baba hajamuona. Tumebaki wanne, na darubini hatuna.