Nyati wa Watu wa Pangoni

Rofina binti yangu, fungua dirisha, na walio uani wasogee, maana ninayosema leo si ya sikio la mtu mmoja. Padri alinipaka mafuta asubuhi nikamweleza dhambi zangu zote isipokuwa hii, kwa kuwa hii si yangu peke yangu. Ni ya ukoo mzima wa Dala, na kila anayekula mahindi ya mteremko wa Wolo Sae anayo tumboni. Nitegeeni sikio, wanangu. Na wewe Tiburtius, mtoto wa baba mdogo, nimekuona hapo mlangoni. Kaa chini, usijifanye ulikuwa unapita tu.

Baada ya siku nne ni sikukuu ya mahindi mapya, na Longginus mwanangu ndiye atakayesimama mahali pangu kusimulia jinsi babu zetu walivyoupata mteremko ule. Hadithi mnaijua, mmeicheka tangu mnabebwa mgongoni. Wale wafupi wa pangoni, ebu gogo, wenye manyoya mwili mzima, walioiba mahindi yetu na kuyatafuna na maganda yake. Wasio na lugha, ukiwaambia neno wanalirudisha kama kasuku. Babu zetu wakawapelekea mizigo ya nyuzi nyeusi za kusokotea kamba, wakawaambia, "Chukueni, mlalie." Nao wakajibu, "Chukueni, mlalie," wakaziingiza pangoni. Walipokwisha kuzitandika, babu zetu wakatupia kijinga cha moto. Hapo ndipo msimulizi hubana pua akalia kwa sauti nyembamba, "Chukueni, mlalie! Chukueni, mlalie!" na watoto wakagaragara kwa kicheko. Nimebana pua hii miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa hodari, watu wa ukoo wa Kelo walivuka mto kuja kunisikiliza.

Mwaka ule walipochimbua mifupa ya watu wafupi kule magharibi mwa kisiwa, Manggarai, wasomi walifika na huku kwetu na brashi zao, wakaniuliza, "Mzee, pango la hadithi yenu liko wapi?" Tiburtius akanikonyeza. Nikawapeleka kwenye pango la popo, upande wa pili wa kilima, wakachimba misimu miwili wakapata taya la nguruwe na vigae vya chungu. Tulicheka, Tibu, mimi na wewe, mpaka tukamwaga tembo. Usitikise kichwa, ulicheka kunizidi.

Lakini swali lao lilinikaa. Nikachukua tochi nikaenda peke yangu kwenye pango lenyewe, nikajipenyeza kwa tumbo. Sikusoma, sijui kama waliokuwamo ni jamaa wa wale wa Manggarai, na wasomi wenyewe wanabishana, wanasema wale walikwisha zamani mno, kabla babu zetu hawajakanyaga kisiwa hiki. Wabishane. Nyuma kabisa, chini ya masizi, palikuwa na mifupa ya mtu ambaye akisimama angenifika kiunoni. Amelala ubavu akielekea ukuta, na kati yake na ukuta ipo mifupa mingine, midogo, imekunjamana. Nimewinda nguruwe kwa moto miaka hamsini, na mnyama akikosa njia hukimbilia mwanga wa mlango, hata kama moto uko hapohapo. Huyu aliupa moto mgongo.

Nikakaa pale mpaka betri zikaisha, ndipo nikaisikia hadithi yangu mwenyewe. Wale hawakuwa wanaiga. Walikuwa na maneno mawili tu ya lugha yetu, tuliyowafundisha sisi wenyewe, na wakayatumia yote mawili kutuomba.

Miaka mitatu sasa nimekataa kusimulia nikisingizia koo, na Rofina, maskini, umenichemshia tangawizi kila sikukuu. Koo langu ni zima. Nilikuwa mwoga.

Sema, Tiburtius, sema, nakuona midomo inakucheza.

"Kaka, ukishasema wale walikuwa watu, umesema tumeua. Wakelo wataudai mteremko kesho yake. Na Jumatano anakuja bwana wa wilaya kuandika mipaka. Homa hiyo, kaka."

Homa ninayo, na akili ninayo. Aje aandike. Wakelo wakiudai, mjibuni mbele ya baraza kama watu wazima, na mkishindwa, mlime kwingine, mikono mnayo. Ila sitakufa nikiwaachia shamba linalosimama juu ya kicheko. Kwetu mtu akiua mtu hutoa nyati wa zizini kwa ndugu wa marehemu. Hakuna asiyejua hilo. Na wale hawana ndugu wa kupokea, kwa sababu tuliwamaliza, kwa hiyo nyati atachinjwa mbele ya pango na nyama yake itaachwa palepale, asionje Mdala yeyote hata mchuzi.

"Nyati mzima aliwe na mbwa?"

Aliwe na mbwa, Tibu. Na kunguru nao.

Nyati ni huyo wako, Longginus, mwenye pembe pana, uliyemlisha miaka saba kwa ajili ya mazishi yangu. Ndiyo, huyo. Usilie, mwanangu.

"Baba, tukuzike bila nyama? Watu watasema tumekufukia kama paka."

Waseme. Wapikieni maharage, na atakayenuna arudi kwake na njaa yake. Mimi nimekula nyama ya sikukuu ile maisha yangu yote, inanitosha.

Rofina, maji kidogo... basi. Nyumba hii ni yako, wewe uliyeniosha. Asikuondoe mtu, hata kaka yako. Mkuki wa babu na nafasi ya kusimama sikukuuni ni vya Longginus. Ukifika penye kile kilio, usibane pua. Kiseme kwa sauti yako, kisha unyamaze, uwaache watoto waulize. Wakiuliza, wajibu. Tiburtius akikupigia kelele, ongeza sauti. Mapafu umerithi kwangu.

Sogeeni, mkono wangu hauendi mbali. Mzae, wafupi kwa warefu, wote muwaite watu. Mvua iwakute mmeshapanda. Mwenyezi Mungu na babu zetu wawaangalie, nao... wakikasirika, waambieni ni mimi. Niko njiani. Nitajibu mwenyewe.

Longginus, nenda kamfungue nyati. Sasa hivi, si kesho; kesho Tibu atakuwa ameshakubembeleza. Mpitishe hapa dirishani... nisikie kwato.

Tibu, mwache apite. Toka... toka njiani.

Ndiyo. Huyo. Mzito... kweli umemlisha, mwanangu. Endelea. Akigoma... mvute. Usimrudishe.