Ufizi wa Mpiga Tarumbeta

Katika treni ya mjini, mbele yangu, mpiga tarumbeta mmoja alizungumza nyuma ya leso na mama aliyeketi naye. Alikuwa mgeni, ameruhusiwa kukaa nchini bila viza kwa siku thelathini. Siku ya kwanza tu daktari alimng’oa meno ya mbele ili amwekee mapya. Ufizi ulihitaji wiki sita kupona.

“Si uongezewe siku, baba,” alisema mama.

“Nimeongezewa saba. Wanaongeza mara moja tu, na kesho zinaisha.”

“Hukupiga hesabu kabla ya safari?”

“Nilihesabu siku za daktari. Za kupona zilinipita.”

Mama alihesabu upya kwa vidole, kana kwamba idara ya uhamiaji ndiyo iliyokosea. “Zimepungua tano. Basi ayatie leo.”

“Anasema yatacheza. Nitapulizaje tarumbeta na meno yanayocheza?”

“Utoke, urudi.”

“Sheria hainiruhusu kurudi kabla ya miezi sita. Bendini tayari kuna mtu kwenye kiti changu.”

Treni ilisimama penye kliniki.

“Shuka umbembeleze daktari,” alisema mama.

“Kituo kinachofuata ni uhamiaji. Nikabembeleze wapi?”

Mlango ulifunguka. Alikuwa bado ameketi, leso mdomoni.