Kibali Nilichokishika Kichwa Chini

Wewe uliyekaa karibu na mlango, nakuona. Nami siku ya kwanza nilikaa hapo hapo, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nisikilize kidogo.

Wanakisomo wenzangu wa darasa hili la watu wazima, nilikuwa mgambo kwenye kizuizi cha njia ya Mikese. Siku zile ukisafirisha chakula lazima uwe na kibali, na kazi yangu ilikuwa kukisoma. Nami sikujua kusoma hata jina langu! Nilitazama muhuri tu. Muhuri wa duara, pita. Wa namna nyingine, shuka.

Asubuhi moja nikamshusha kwenye lori mama mmoja wa hapa mjini, mwenye shamba huko milimani. Alikuwa na magunia mawili ya maharage.

"Kibali gani hiki?" nikafoka. "Muhuri wa pembe nne!"

"Baba, umekishika kichwa chini."

Lori zima likacheka. Kwa aibu nikakazana: lori nenda, mama baki na magunia yako. Nikamketisha juani mpaka akapita mkuu wa polisi wa mji na Landrova yake.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba mwanangu. Leo ni arobaini ya shemeji yangu, Mikese wanangoja maharage haya wapike. Na bwana huyu anasoma barua kuanzia miguuni!"

Mkuu akasoma kibali. Kilikuwa halali, pamoja na muhuri wake wa pembe nne. Akatoa karatasi mfukoni, akanipa. "Hebu nisomee."

Nikakaza sauti: "Kibali cha kusafirisha mahindi, gunia tatu..."

"Hiyo nimepewa na mke wangu asubuhi," akasema taratibu. "Ya dukani."

Ndugu zangu, nikajiambia yameisha. Kazi imekwenda! Nikaanza kuvua kofia.

"Vaa kofia yako. Shika gunia upande huo."

Tukabeba, yeye na mimi, nyota zake za begani zikajaa vumbi. Tukampeleka mama kwa Landrova mpaka Mikese, tukakuta masufuria ya maji yangali jikoni yakingoja maharage. Wakati wa kurudi akaniambia, "Mji wetu mdogo. Mama yule nitakutana naye sokoni kesho. Nikimwacha aonewe, nitamsalimia kwa uso gani? Wewe utasoma. Saa kumi jioni, darasani. Kizuizini nitasimama mimi."

Na alisimama! Mkuu wa polisi mzima, kila siku ya kisomo, akiinua ule mti wa kizuizi kwa mikono yake!

Nilipofika hapa, benchi la mbele nikamkuta nani? Mama yule yule!

"Karibu, Bwana Kichwa Chini! Sogea, nikuonyeshe herufi a."

Simtaji jina, lakini mnamwona anavyocheka pale. Mama, asante. Ulinishika mkono huu mpaka ukaweza kuandika.

Ile karatasi ya mkuu ilibaki mfukoni mwangu, nikaitunza. Juzi nikaifungua, nikaisoma peke yangu, herufi kwa herufi. Sabuni! Chumvi! Kiberiti! Na chini kabisa: "Leo usichelewe chakula, mtoto anakungoja."

Alichelewa, ndugu zangu. Alichelewa kwa magunia ya mama na kwa ujinga wangu, wala hakunieleza. Namshukuru mbele yenu, na mwenzake aliyeandika.

Aibu ya kujifunza ni ya siku moja. Ya kuficha niliibeba miaka, na aliyekaa juani alikuwa mtu mwingine.

Haya, wewe wa mlangoni. Inuka, chukua daftari lako, njoo ukae hapa mbele.