Bwana Tulia, Aliyemsubiri Mdiria

Wazee wetu, majirani, na nyote mliofika kutushika mkono, yanayosomwa hapa ni maisha ya marehemu kaka yetu, mpiga picha wa ndege na wanyama, mliyemjua kwa jina la Bwana Tulia, na anayeyasoma ni dada yake, mdogo wake wa pekee, fundi cherehani, ambaye jana shangazi alimwomba aseme mazuri tu, akajibu kwamba atasema ya kweli, na mazuri kama yapo yatajitokeza yenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, na mama alikuwa akisimulia kwamba alichelewa kuzaliwa kwa wiki mbili nzima, tabia ambayo hakuiacha mpaka juzi. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968, akaendelea na sekondari hadi 1978, ambako alirudishwa nyumbani mara mbili, si kwa utundu, bali kwa kukutwa wakati wa hisabati amelala kifudifudi uwanjani, ana kwa ana na mjusi.

Baada ya kupata cheti cha upigaji picha, tarehe 1 Machi 1982 aliajiriwa katika studio ya picha za pasipoti, chumba kimoja chenye pazia jeupe na kiti cha kuzunguka, na humo wateja wenye haraka zao walikalishwa nusu saa, kidevu juu, kidevu chini, huku akiwaambia, "Tulia, jicho lako halijapata mwanga," mpaka mwenye studio akashika kichwa: "Bwana wee, huyu anataka pasipoti, hakuja kutaga!" Jina likamganda, kazi ikamponyoka.

Kuanzia 1986 alifundisha chuoni, na wanafunzi wake mliopo hapa mnayakumbuka masomo yake: jua liwe mgongoni kwako na upepo usoni, shuka mpaka usawa wa jicho la mnyama hata kama ni tope, ndege arukaye apigwe kwa spidi kubwa ya shata, la sivyo utapata ukungu wenye mabawa. Fundi cherehani naye alishonea masomo hayo makoti saba, kwa sababu la kwanza zipu yake ililia, la pili kitambaa kilichakacha, na la tatu, aliambiwa bila haya, vifungo viling'aa.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992, na mke wake, mwalimu, aliyeketi hapa mbele, alimsubiri saa mbili na robo akiwa na shela kichwani, maana bwana harusi aliona fisi maji njiani akashuka kwenye gari. Katika picha elfu sitini na tatu alizoacha, shemeji yetu yumo katika moja tu, amesimamishwa kando ya kiota ili ukubwa wa kiota uonekane.

Walijaliwa mabinti wawili, wa kwanza mwaka 1994 na wa pili tarehe 20 Mei 1998, siku ambayo marehemu alikuwa mtoni kwa siku ya nne, ndani ya kibanda cha turubai, akimvizia mdiria, yule ndege mdogo wa buluu apigaye mbizi, ili ampate pale mdomo unapogusa maji kabla hayajaruka. Mdogo wake alivuka tope hadi magotini kumpelekea habari, akapokewa kwa kidole kimoja kilichoinuliwa, kumaanisha anyamaze, ndege yuko tawini. Hakunyamaza. Ndege aliruka, marehemu akanuna, na shemeji akahamia kwa mama yake miezi mitano, hadi alipofuatwa kwa magoti.

Mwaka 2007 rafiki yake alimshauri aweke visamaki kwenye beseni, mdiria aje mwenyewe mbele ya lenzi. Akasema, "Hiyo ni picha ya beseni." Rafiki aliweka beseni, akashinda tuzo, na marehemu akarudi kibandani miaka mingine kumi na saba.

Mwezi Septemba 2021 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, madaktari wakasema ni mishipa ya fahamu, na mwaka 2023 wa kushoto ukafuata, akawa hawezi kushika hata kikombe. Oktoba 2024 alimwomba mdogo wake ambonyezee kamera. Walikaa kibandani asubuhi nne, marehemu akinong'ona, "Spidi elfu tatu na mia mbili. Lenga maji, usilenge tawi. Pumua, usibane." Asubuhi ya nne mdiria alishuka, dada akabonyeza, na kwenye kioo cha kamera ukatokea mstari wa buluu ndani ya ukungu, kwa kuwa mkono wa koti, koti alilolishona mwenyewe, ulikuwa umezungusha kitufe cha spidi hadi sitini.

Marehemu aliitazama kwa muda mrefu. "Hata jicho halionekani. Futa."

"Sifuti."

"Dada, picha isiyo na jicho ni takataka."

"Basi ni takataka yangu, nimeipiga mimi."

Walirudi nyumbani, akanuna siku mbili, ya tatu akapiga simu kuuliza kama imefutwa, na alipoambiwa bado, akasema, "Usimwonyeshe mtu."

Alifariki hospitalini tarehe 11 Machi 2025, saa mbili asubuhi, baada ya kumwomba muuguzi asogeze pazia, mwanga uingie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, tunaoujua uzito wake, walimu wenzake, wanafunzi wake, na majirani mliomtoa kwenye matope na gari lake mara zisizohesabika. Picha ile iko kwenye meza ya mlangoni, ndani ya fremu, mtaiona mkipita, na kama kuna wa kulaumiwa, yuko hapa amesimama.

Kaka, umetuchosha, na tungechoka tena. Pumzika kwa amani.