Mama Simama Alikuwa Kazini

Wasifu wa marehemu Jemima Ndinda Kiema
14 Agosti 1971 – 13 Machi 2025

Habari za kifo cha Jemima Ndinda zilimfikia mumewe, Joel Kiema, akiwa amesimama mbele ya kaunta ya kituo cha polisi. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 13 Machi 2025, saa nne na robo asubuhi. Mkononi alikuwa na karatasi ya polisi kuhusu ajali iliyompata mkewe siku tisa kabla, na hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kufika hapo kuomba mstari mmoja ubadilishwe. Mstari wenyewe ulisema: "Mtembea kwa miguu wa kike aliingia barabarani bila kutahadhari."

Simu ikalia. Alikuwa binti yake, Nzembi, akipiga kutoka hospitalini.

"Baba, uko wapi?"

"Niko hapa kwa polisi. Bado hawajabadilisha."

"Baba, tafuta mahali uketi."

Hapakuwa na kiti. Kiema akaegemea kaunta, akasikiliza yaliyobaki, akasema "Haya, mama" kama mtu anayetumwa dukani, kisha akairudisha simu mfukoni. Afisa wa zamu akamuuliza kuna nini, akaambiwa, akatoa pole. Halafu akaivuta ile karatasi upande wake.

"Basi mzee, sasa tutairekebisha," akasema. "Tutafuta 'majeruhi', tuandike 'marehemu'."

Ule mstari mwingine aliuacha ulivyo. Upo vivyo hivyo hadi leo. Ndiyo maana wasifu huu haukuanza na kuzaliwa kwa Ndinda, ingawa tunajua desturi ilivyo. Umeanzia pale kaunta kwa sababu pale ndipo alipoandikiwa maisha mengine, ya mwanamke mzembe asiyejua barabara. Tunaomba mtuvumilie tuyasome yale aliyoishi.

Jemima Ndinda alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 katika kijiji cha Kavumbu, Mbooni, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Maingi na Mama Nthambi. Alibatizwa akiwa mchanga na hakuwahi kuliacha kanisa, ila alilalamika miaka yote kwamba mahubiri ni marefu kwa mtu aliyeacha maharagwe jikoni.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, na darasa la saba akapewa kazi ya kupiga kengele. Mama yake alikuwa mgonjwa wakati huo, na nyumbani kulikuwa na maji ya kuteka kabla ya giza. Kwa hiyo muhula mzima Ndinda aliipiga kengele ya jioni dakika kumi kabla ya wakati. Walimu walikuwa na saa mikononi na hawakugundua, au waligundua na wakafurahi kwenda nyumbani. Alilitubu jambo hilo kanisani akiwa na umri wa miaka arobaini, na mchungaji akashindwa kuzuia kicheko. Aliendelea hadi kidato cha pili mwaka 1988, akaacha shule ili amuuguze mama yake mpaka mwisho.

Mwaka 1991 alikuja Nairobi kukaa na shangazi yake Pumwani. Karibu na hapo palikuwa na karakana ya wachonga vinyago, na mmoja wa wachongaji, kijana mnyamavu aitwaye Kiema, akaanza kununua uji kwa shangazi mara tatu kwa siku. Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1994. Mungu aliwajalia watoto wawili, Nzembi na Matheka. Mwaka 1999 walihamia Kayole, wakaishi katika ploti ile ile hadi mwaka huu. Kiema anasema katika miaka thelathini ya ndoa walikosana vikali mara moja tu, kwa sababu ya redio, na kwamba yeye ndiye alikuwa na makosa.

Mwaka 2014 Ndinda aliajiriwa kama mpishi katika shule moja ya msingi kando ya Spine Road. Uongozi wa shule hiyo umeiomba familia isiitaje jina. Familia imekubali ombi hilo, na ni hilo tu ililolikubali.

Mwezi wa Oktoba 2021 mtoto wa darasa la kwanza aligongwa na pikipiki akivuka kuja shuleni, akavunjika mguu. Wazazi wakakutana, wakataka pawe na mtu wa kuwavusha watoto asubuhi na jioni. Walimwomba Mama Nzembi kwa sababu alikuwa akifika kuwasha moto kabla ya watu wote, na kwa sababu sauti yake ilijulikana. Alianza Januari 2022. Kiema alimchongea kibao cha mviringo chenye mpini, akakipaka rangi nyekundu na kuandika SIMAMA kwa rangi nyeupe. Haikupita wiki mbili, watoto wakawa wanamwita Mama Simama.

Madereva hawakumpenda mara moja. Benta, mpishi mwenzake, anakumbuka makanga mmoja aliyejitokeza kwenye mlango wa matatu akapayuka kumuuliza kama yeye ni polisi: "Mathee, kwani wewe ni karao?"

"Afadhali karao," Ndinda akamjibu bila kushusha kibao. "Karao mtaongea upite. Mimi utaongea na nani? Zima injini, kijana, hawa ni wengi."

Gari zima lilicheka, na makanga naye. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akimsalimia wa kwanza: "Sasa Mama Simama, tupite ama tulale hapa?"

Lakini Ndinda alikuwa mtu wa utaratibu. Alijua kwamba kusimamisha magari si kazi ya mpishi na kwamba alihitaji idhini. Mwezi wa Februari 2022 alikwenda kituo cha polisi, akaambiwa shule ianze kwa kuandika barua. Alikwenda kwa mwalimu mkuu, akaambiwa bodi haiwezi kutia sahihi kabla polisi hawajakubali kwa maandishi. Naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Awiti, aliandika rasimu ya barua kwa mkono wake, si mara moja, mara tatu. Bodi ikairudisha ikisema mama huyu akiumia, shule ndiyo itakayoulizwa. Ndinda akaibeba rasimu hiyo kwa miguu hadi kituoni, akarudishwa, akaenda tena. Mkuu wa kituo akahamishwa. Aliyekuja akataka barua mpya, ya tarehe ya karibu.

Na mwezi wa Mei mwaka huo huo ikafanyika siku ya usalama shuleni. Polisi walikuja na koti la kumetameta, wakamvisha Ndinda mbele ya watu. Mwalimu mkuu akamshika mkono, mkuu wa kituo akamshika mkono wa pili, picha ikapigwa. Picha hiyo ilitundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu na nyingine ikatundikwa kituoni. Siku hiyo waliahidi afisa mmoja wa kusimama naye kila asubuhi. Afisa alikuja siku kumi. Siku ya kumi na moja Ndinda alisimama peke yake, na hakuna aliyemweleza sababu.

Oktoba 2023 wananchi waliitwa katika ukumbi wa mtaa kutoa maoni kuhusu mswada wa usalama wa shule. Ndinda alikwenda na Benta, wote wawili wakiwa bado na aproni. Akasubiri zamu yake saa mbili nzima, akapewa kipaza sauti.

"Naitwa Jemima Ndinda, mpishi, na ninavusha watoto. Hapa mmeandika kwamba shule na polisi zitashirikiana. Ni maneno mazuri. Lakini kwa vile ninyi ndio mnaandika sheria, tafadhali andikeni ni nani anaanza. Mimi nina barua hapa. Kila nikiifikisha mahali, naambiwa yule mwingine ndiye aanze."

Watu wakacheka. Karani akasema, "Asante mama, maoni yako yamenakiliwa."

"Yamenakiliwa wapi?"

"Kwa ripoti, mama."

"Na ripoti, ni nani anaanza kuisoma?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Ndinda hakucheka. Jioni hiyo alimwambia Kiema kwamba aliongea vizuri na watu wakafurahi, na kwamba hakuna kitakachofanyika. Kiema akamshauri aiache kazi hiyo, arudi kwa sufuria zake. Akamjibu, "Nikiacha kesho, kesho asubuhi wanavuka na nani?" Jibu la swali hilo halikuwa kwa Kiema wala kwetu. Waliokuwa nalo wana ofisi, na baadhi yao wako hapa leo wameketi viti vya mbele.

Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Ndinda alikuwa katikati ya barabara na watoto sita wa gredi ya pili. Magari yalikuwa yamesimama pande zote. Lori la maji likatoka nyuma ya foleni, likayapita magari yaliyosimama, likaja. Aliwasukuma watoto wote sita. Watoto hao wako hai, na wawili wamekuja na wazazi wao mpaka hapa Mbooni. Ndinda aliumia kichwa na nyonga. Alipelekwa hospitali, akafanyiwa upasuaji usiku huo, akazinduka siku ya tatu. Aliuliza watoto ni wangapi. Nzembi akamwambia ni sita. Akauliza tena, akaambiwa sita. Mapafu yalijaa, na tarehe 13 asubuhi Bwana akamchukua.

Aliyevaa koti la polisi, mbele ya lango la shule, katika saa za shule, ameandikwa mtembea kwa miguu. Kiema alipouliza sababu, kituo kilimwambia hakuna barua ya kuonyesha kwamba alikuwa kazini. Alipouliza shuleni, akaambiwa alikuwa mpishi, na kwamba mambo ya barabarani aliyafanya kwa hiari yake. Kibao cha Kiema kimeandikwa katika karatasi ile kuwa "kifaa kisicho rasmi". Zile picha mbili zimeshushwa ukutani, zote, na kwa jambo hilo shule na polisi wameweza kushirikiana bila kuuliza nani aanze.

Katika matanga wengi wametufariji kwa kusema ni mapenzi ya Mungu. Tunawashukuru, tunajua mlitaka mema. Lakini familia hii inamwogopa Mungu, na kwa sababu hiyo haitamsingizia. Mungu hakuirudisha ile barua. Tutasimama mbele zake sote, na tunaamini kule hakuna atakayeambiwa arudi wiki ijayo.

Tunachodai ni kimoja, na tunakitamka mbele ya jeneza: mstari ule ufutwe, iandikwe kwamba Jemima Ndinda alikuwa kazini. Hatutachoka kufika kaunta.

Marehemu amewaacha mumewe, Joel Kiema, watoto wake, Nzembi na Matheka, mkwewe, Ooko, wajukuu wawili, ndugu zake watano, Benta, aliyepika naye miaka kumi na mmoja, na watoto wa shule ambao hesabu yao aliijua yeye. Mwenyezi Mungu ampokee na kumlaza pema, na asiiache haki yake ilale naye.

Juzi Alhamisi, tarehe 20 Machi, saa mbili asubuhi, mwili ulipitishwa shuleni ili watoto wamuage. Mwalimu mkuu na afisa kutoka kituoni walimwita Kiema pembeni, wakampa bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya kumruhusu Jemima Ndinda Kiema kuvusha wanafunzi, yenye sahihi zote na mihuri yote miwili. Tarehe yake ilikuwa 19 Machi 2025, siku sita baada ya kufa kwake.

"Tumeona tumpe heshima yake, mzee," afisa akasema.

Kiema aliisoma mpaka chini. "Na ile karatasi ya ajali?"

"Ile bado iko kwa utaratibu."

"Basi kaeni na hii, afande. Mkiwa na zote mbili na zinasema kitu kimoja, nyumbani kwangu mnapajua."

Akamrudishia bahasha. Watoto wakapita kando ya jeneza, darasa moja baada ya jingine, kwa muda wa dakika arobaini hivi. Wadogo waliinuliwa na Mwalimu Awiti ili waone. Nzembi akakiweka sawa kitambaa cha kichwa cha mama yake. Kiema akaja wa mwisho, akaweka kiganja juu ya paji la uso wake, akasema, "Mama Nzembi, kazi umeifanya." Matheka na Ooko wakafunga kifuniko. Saa tatu na nusu gari likaondoka kuja Mbooni.