Ng'ombe Wangu Alivyoikataa Mikono Yangu

Wazee wangu shikamooni, na ninyi wa rika langu nawasalimu. Mnanijua. Shule niliishia darasa la nne, lakini nyumba ya tofali ninayo, bati jipya ninalo, na ng'ombe wanne wa kisasa, vyote kwa mikono hii miwili. Hebu itazameni. Msione haya. Ndugu zangu, nawaambia, juzijuzi tu ilikuwa haifai hata kumpa mtu salamu.

Maziwa yangu yalisifiwa Tlawi nzima kwa usafi. Kila nikimaliza kumkamua ng'ombe mmoja nilinawa kwa maji ya moto na sabuni ya unga, ileile ya kufulia. Nilijisifu sana kwa hilo. Basi vidole vikaanza kuwasha, ngozi ikawa nyeusi na ngumu, ikapasuka, ikatoa maji. Nikazidisha sabuni! Yule ng'ombe mkubwa niliyemlea tangu ndama akaanza kunipiga teke, maana magamba yangu yalimkwaruza chuchu.

Mke wangu akamwita jirani, mfugaji aliyehamia kutoka Gendabi. Yule bwana alipaka mafuta kidogo mikononi, akachuchumaa, akapiga mluzi. Ndoo ikajaa povu.

"Shemeji, leo katulia kama yuko kanisani!" mke wangu akacheka.

Mimi sijawahi kuambiwa hivyo. Nilichungulia kwenye ufa wa banda, nikamsikia anamwita ng'ombe wangu "mama", na ng'ombe anamlamba bega. Mnacheka? Wivu ule uliniwasha kuliko vidole. Nilimchukia mtu, nikamchukia na ng'ombe. Akija asubuhi nilikataa hata kumwitikia.

Nikaamua nipone haraka nimfukuze. Nikawaza kisomi changu: ng'ombe akijikuna tunamwogesha dawa ya kupe, anatulia. Nikaimimina kwenye beseni, maji kidogo tu, nikatumbukiza mikono mpaka viwiko.

Ndugu zangu, niliungua. Mikono ilivimba ikatoka malengelenge, kichwa kikazunguka, mate yakanitoka. Mke wangu akapiga kelele. Nani alikuja? Yeye huyohuyo. Akaniosha kwa maji mengi, akanipakia kwenye pikipiki yake, na kwa kuwa sikuweza kushika kitu, akanifunga mgongoni mwake kwa shuka. Nilifika kituo cha afya nimebebwa kama mtoto, na mtu nisiyemwitikia salamu.

Nilipopata nafuu, muuguzi, binti aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, akaniuliza, "Baba, una zizi?"

"Zuri kuliko yote."

"Basi ngozi yako ni zizi. Chembechembe zake zimefungwa pamoja kama fito kwa kamba. Sabuni kali ilikata kamba. Uchafu ukapenya, mwili ukashtuka. Ng'ombe wakishtuka zizini hupiga teke fito zao wenyewe, kamba zinazidi kulegea. Maji ya mwili yanatoka, vijidudu vinaingia, na mshtuko unaanza upya. Wewe ukaongeza sumu."

"Mbona jirani yangu hana shida?" Hata pale niliuliza hilo.

"Nilimuuliza alipokuleta, baba. Hanawi kwa sabuni ya kufulia, na anapaka mafuta."

Akanipa dawa ya kutuliza ule mshtuko, na mafuta mazito ya kuziba nyufa. Akanionya nisiache dawa nikiona ngozi imependeza juu, kwani ndani kamba bado hazijakaza. Mimi nikaacha mapema, kwa ujuaji. Vidole vikapasuka tena. Mara ya pili nilitii, nikapona.

Namshukuru binti yule, namshukuru mke wangu aliyenivumilia. Kwenu nasema: mwili ukiwasha, msishindane nao, na dawa ya mifugo iacheni kwa mifugo. Na mwenye wivu amuulize yule anayemwonea wivu anafanyaje. Mimi ningeuliza siku ya kwanza, ningepona kwa mafuta ya kupaka tu.

Jirani yangu yuko pale nyuma, namwona anainamisha kichwa. Ndugu yangu, ulinibeba. Mbele ya watu hawa wote, asante. Karibu nyumbani kesho, tunywe chai yenye maziwa.

Ila njoo nikishamaliza kukamua.