Wimbo wa Kufungulia Dansi

Kijiwe chenyewe ni kiti cha nyuma kilichong'olewa kwenye pikapu kuukuu, kikaegemezwa ukutani mwa duka la matairi mjini Alice, kusini mwa Texas. Kivuli hukaa hapo mpaka saa nne asubuhi, na watu nao. Mwenye duka wanamwita Tacuache, jina la mnyama wa huko anayejifanya mfu akiona hatari. Yeye hujifanya mfu akiona kazi. Pembeni yake hukaa Gavana, ambaye hajawahi kugombea hata uongozi wa kwaya, ila kofia yake pana haijawahi kuonekana na vumbi. Alhamisi hiyo wa tatu alikuwa Eliseo, fundi mstaafu wa kuchomelea mabomba ya mafuta. Alikaa, akasimama, akakaa tena, kahawa ikimmwagikia vidoleni.

Jumamosi yeye na mkewe Ofelia walikuwa wanatimiza miaka arobaini ya ndoa. Ukumbi wa parokia ulishapambwa, na kiongozi wa bendi alitaka kabla ya saa sita mchana wa Alhamisi hiyohiyo aambiwe wimbo wa kufungulia dansi. Wenzake Eliseo aliwaeleza hayo tu. Hofu yake aliimeza. Tangu binti yao wa mwisho ahamie Houston, Ofelia alikuwa amepungua maneno. Akiulizwa anajibu, basi. Eliseo aliona akikosea wimbo huo, mkewe atacheza naye kwa adabu, kama mtu anayecheza na mgeni.

— Hapo huna la kufikiri, kompadre, alisema Tacuache. — Lisandro Treviño. Kinanda chake cha kordioni kikilia, hata mwenye gongo anatafuta viatu vya dansi.

— Kelele za nini kwa mke wa miaka arobaini? Gavana akamkata. — Mpigie Dale Whitcomb, muziki wa kantri wenye heshima zake. Akiimba habari za mwanamke aliyeondoka, utadhani kaondoka kwako.

Neno hilo la kuondoka halikumkalia vizuri Eliseo. Akasema yeye tangu ujana ni mtu wa nyimbo za wachunga ng'ombe, na kwa hizo hajazaliwa wa kumfikia Hoyt Ramsdell.

— Ramsdell anaimbia ng'ombe walale, alisema Gavana. — Unataka mkeo asinzie ukumbini?

Kuanzia hapo kila mtu alivuta kwake. Tacuache aliapa kwamba mwaka wa ukame Treviño alipiga kordioni kule Falfurrias, mvua ikanyesha, tena upande wa jukwaa peke yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, akaongeza, ndiyo maana wapiga kordioni wazuri huvaa makoti mazito. Gavana akajibu kwamba mvua si kitu; huko Laredo kuna marehemu aliyeinuka jenezani, akaomba wimbo wa Whitcomb urudiwe, ukarudiwa, akalala tena. Mkono mtupu haulambwi, alimalizia, na hakuna aliyejua mkono umeingiaje. Eliseo naye, mtu mzima, akajikuta anaeleza jinsi Ramsdell alivyowahi kutuliza kimbunga. Alijisikia akisema hayo, akatazama saa. Saa nne ilishapita, jua lilikuwa limewafika magotini.

Mbele yao alisimama Yesenia, muuguzi aliyehamia mjini karibuni, akisubiri tairi lake lizibwe pancha. Gari lilikuwa juu ya jeki, na Tacuache hakuwa na dalili ya kuinuka. Yesenia alikuwa amesikia yote.

— Samahani, wazee wangu, alisema. — Huyo mama mwenyewe anampenda mwimbaji gani?

Tacuache alimtazama Gavana. Gavana akavua kofia, akachungulia ndani. Wote wawili wakamgeukia Eliseo. Alijua Ofelia anapenda kahawa ya namna gani na analalia ubavu upi. Hili hakulijua.

Alisogea hatua chache, akapiga simu nyumbani. Ofelia alipopokea, alimuuliza vilevile alivyoulizwa yeye.



— Nani anataka kujua? Ofelia aliuliza.

— Mimi.

— Kuna mmoja, alisema polepole. — Yule ambaye akianza tu kuimba garini, wewe unabadilisha stesheni.

Eliseo aliegemea gari la muuguzi. — Anaitwa nani?

— Nitajuaje? Hujawahi kumwacha amalize, mtangazaji akataja jina.

Ofelia hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomuuma Eliseo zaidi. Akamwomba amwimbie. Ofelia alicheka kidogo, akasema ana kipande tu, ule mwanzo. Kisha akakiimba, sauti ya chini, ya kusitasita, na Eliseo akaibana simu sikioni mpaka sikio likauma. Kilikoma ghafla, pale mkono wa Eliseo ulipozoea kufikia kitufe cha redio.

— Ndiyo hapo, alisema Ofelia. — Mbele sijui.

— Vaa viatu, alisema Eliseo. — Nakuja kukuchukua, tukamwimbie kiongozi wa bendi. Yeye atajua kilichobaki.

Kwenye simu Eliseo alisikia kiti kikisogezwa, na slipa zikienda mbio chumbani.

— Kasema Treviño? aliuliza Tacuache kutoka kitini.

Eliseo alikuwa ameshawasha gari lake.